Dawa Niliyoichemsha

Mashine ilipofika maabara kwetu Bagamoyo ilikuja ndani ya boksi kubwa kuliko friji. Ndani ya boksi hilo mlikuwa na boksi jingine, na ndani ya hilo mlijaa vipande vyeupe vya povu gumu, na katikati ya povu, beseni. Beseni la chuma kisichoshika kutu, ukubwa wa sufuria ya pilau ya watu kumi, lenye kitufe kimoja cha kuwashia na kingine cha kuwekea dakika. Mkuu wetu alilizunguka mara mbili, akachungulia tena ndani ya boksi, kisha akaniuliza, "Nyingine iko wapi?"

"Nyingine ipi, mkuu?"

"Mashine."

"Ndiyo hii."

Alinitazama kama mtu aliyeagiza jogoo akaletewa yai. Tulikuwa tumeisubiri mashine hiyo miezi minane, na barua zake peke yake zilikuwa zimejaza faili zima. Nadhani alitegemea kitu chenye skrini, taa za kuwakawaka, labda na ngazi ya kupandia.

Kazi yetu ilikuwa kupima dawa. Wakaguzi walizunguka maduka ya dawa ya mjini, wakashuka vijiji vya kuelekea Saadani, wakapanda hadi Chalinze kwenye njia panda, wakachukua vidonge na chupa, wakatuletea. Sisi tulitakiwa kusema kama ndani ya kidonge mna kile kilichoandikwa juu ya pakiti. Kujua hilo ni lazima uanze kwa kukisaga kidonge, upime unga wake, uutie kwenye chupa ya kioo yenye shingo nyembamba, umimine kimiminika, halafu ungoje dawa itoke kwenye unga iingie kwenye kimiminika. Mashine kubwa ya kupimia, ile yenye kompyuta, haitaki unga. Inataka maji safi.

Na dawa haitoki kwa kuombwa. Kwa miaka sita nilizitikisa chupa hizo kwa mkono. Unatikisa, unapumzika, unatikisa, unaziacha zitulie, unakwenda kuswali adhuhuri, unarudi, unatikisa tena. Mkono wangu wa kulia ukawa mnene kuliko wa kushoto, mume wangu akasema maabara wakinifukuza nitapata kazi ya kupakua magunia.

Beseni lilikuja kunipumzisha. Unalijaza maji, unazisimamisha chupa ndani yake, unawasha. Linatoa mawimbi ya sauti kali mno, juu kuliko sikio la mtu linavyoweza kusikia. Unachosikia wewe ni mchachariko tu, kama vibua vinakaangwa chumba cha pili. Sauti hiyo inazalisha vipovu vidogo sana ndani ya maji, vinapasuka, vinautikisa unga ndani ya chupa kutoka pande zote, na kwa robo saa dawa yote imeshatoka. Robo saa! Siku ya kwanza nililisimamia beseni lile nikihesabu siku zote za ujana wangu nilizozimalizia kutikisa chupa, na nikakosa wa kumdai.

Sasa, mkuu wetu alikuwa na kipaji cha kuandika barua. Katika barua ya kuwaarifu wakubwa kwamba mashine imefika, aliona maneno "beseni la kuyeyushia dawa" hayana hadhi. Akaandika "mashine ya kisasa ya ultrasaundi". Hakusema uongo. Mawimbi ni yaleyale. Ila Bagamoyo nzima, kuanzia mganga mkuu hadi muuza mihogo ya kukaanga, inajua ultrasaundi ni kitu kimoja tu: unapakwa mafuta tumboni, unaonyeshwa mtoto.

Barua ikasomwa, ikafurahiwa, ikatumwa kwenye makundi ya simu ya watendaji wa kata. Siku ya uzinduzi ikapangwa. Likafungwa turubai, vikaja viti vya plastiki, ukaja utepe, na beseni likawekwa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha satini cha rangi ya samawati. Saa tatu asubuhi nikaona akina mama wanaingia getini wakiwa na kadi zao za kliniki mkononi. Walikuwa kumi na mmoja, wote na matumbo yao.

Wa mbele alikuwa binti mdogo kutoka kijiji cha karibu na Saadani, mimba ya miezi minane, amevimba miguu, ameshikwa mkono na mama mkwe wake. Walikuwa wametoka kwao kabla ya alfajiri.

"Shikamoo, mama," nikamwambia mama mkwe.

"Marahaba, mwanangu. Alhamdulillahi, tumefika. Mashine ya kumwangalia mtoto ndiyo ipi?"

Nikamwonyesha beseni, maana sikuwa na kingine cha kumwonyesha.

Akalitazama beseni. Akamtazama mkwewe kuanzia kichwani hadi miguuni. Akalitazama tena beseni.

"Anakaa humo?"

"Hapana, mama. Hii si ya wajawazito. Ni ya dawa."

"Dawa ina mimba?"

Nilikwenda mbio kwa mkuu, aliyekuwa anamwekea mgeni rasmi chupa ya maji mezani, nikamnong'oneza kwamba kuna akina mama kumi na mmoja wanataka kupimwa.

"Wakalishe," akasema bila kugeuka.

"Mkuu, tutawapima na nini?"

"Waambie wataalamu bado wanaisetia."

Mtaalamu nilikuwa mimi. Nikawakalisha. Wakapigiwa makofi kwa kuitikia wito.

Mgeni rasmi alisimama, akasema itifaki imezingatiwa, na baada ya hapo hakuna kingine kilichozingatiwa. Alisema kuanzia siku ile hakuna mama wa pwani yetu atakayejifungua bila kujua mtoto wake amelalaje. Akina mama wakapiga vigelegele. Mkuu naye akapiga makofi, tena kwa nguvu kuliko wote, huku anatazama juu ya paa la turubai. Kisha mgeni rasmi akakata utepe, akabonyeza kitufe, beseni likachachatika, akarudi nyuma hatua mbili. Mtu wa kamera akamwomba abonyeze tena.

Magari ya wageni yalipoondoka, nilitafuta bajaji nne, nikawapakia akina mama, nikafuatana nao hospitali. Muuguzi wa mapokezi aliniuliza nani amewatuma. Nikasema ni hadithi ndefu. Tulingoja hadi alasiri, lakini walipimwa wote, na yule binti wa Saadani aliambiwa ana mapacha. Mama mkwe alikuja kuniaga, akanishika mkono, akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, wewe mzuri. Ila hapo kazini kwenu muulizane kwanza mnafanya nini."

Mji ulitucheka kwa wiki tatu. Ukienda sokoni kununua samaki, unaulizwa leo mmezalisha wangapi. Jirani yangu alinitumia salamu kwa mtoto wake kwamba ana sufuria ya kuazima kama ile yetu imejaa. Mimi nilicheka nao. Mkuu hakucheka. Alikuja maabara akasimama mbele ya beseni, akasema, "Hii kitu lazima ionekane inafanya kazi."

Ilikuwa inafanya kazi. Tatizo ni kwamba kazi ya maabara haionekani. Hakuna utepe wa kukata dawa inapokutwa nzima. Kwa hiyo mkuu akatundika ubao ukutani, akataka kila jioni niandike sampuli ngapi zimepimwa. Zamani tulikuwa tukipima nne kwa siku tukajiona mashujaa. Wiki ya kwanza ya ubao nikaandika tisa. Ya pili, kumi na nne. Mkuu akaupiga picha ubao akautuma juu. Wakubwa wakajibu kwa kidole gumba. Kuanzia hapo tuliishi kwa ajili ya kidole gumba kile.

Na nisimsingizie mkuu peke yake. Mimi nilipenda. Nilikuwa natembea katikati ya meza zile kama mpishi wa harusi, chupa sita zinaingia, sita zinatoka, sita zinaingia. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na beseni ilisema wazi: mawimbi yanapasha maji joto, kila baada ya mizunguko michache mwaga maji, tia mapya, na kwa dawa zisizostahimili joto weka barafu. Niliisoma, kama watu wanavyosoma yale masharti marefu ya kwenye simu kabla ya kubonyeza "nakubali".

Mwezi ule wakaguzi wakaleta dawa ya maji ya watoto, antibayotiki, ile inayouzwa ikiwa unga ndani ya chupa, mama anaongeza maji nyumbani na kutikisa. Ndani yake mna viambato viwili. Cha kwanza kinaua vijidudu, cha pili kinamlinda mwenzake. Hicho cha pili ni kidekaji, joto kidogo tu kinakufa. Mtu yeyote aliyesoma kemia anajua. Mimi nina cheti kinachosema najua.

Zilikuwa chupa kutoka maduka kumi na mbili. Nikaanza na za mjini asubuhi, maji yakiwa baridi. Zikapita. Zikafuata za vijijini. Zikapita, ingawa chache zilipita kwa kuchechemea. Ya Chalinze ilikuwa ya mwisho, saa tisa alasiri, na beseni lilikuwa linaungurumishwa tangu saa mbili bila kubadilishwa maji. Ya Chalinze ikaanguka. Kiambato cha pili kilikuwa pungufu mno, kama robo nzima imeibwa.

Utaratibu ulisema sampuli ikianguka irudiwe siku nyingine, na mtu mwingine. Siku ile mtu mwingine alikuwa msibani Kiwangwa, na ubao ulikuwa unangoja namba yake. Nikairudia mwenyewe, palepale, kwenye maji yaleyale. Ikaanguka tena, na safari hii chini zaidi. Nikafurahi. Nakiri hivyo. Niliona nimemkamata mtu. Nilipeleka karatasi kwa mkuu nikiwa nimenyooka, naye akaisoma, uso ukachanua kwa mara ya kwanza tangu siku ya utepe.

"Dawa feki," akasema, kama mtu anayetamka jina la mchumba.

"Pungufu, mkuu. Hatujui kama ni feki."

"Pungufu ni feki iliyosoma," akasema, akatoka kwenda kupiga simu.

Keshokutwa yake duka la Chalinze lilifungwa. Wakaguzi walifika saa nne asubuhi, barabara imejaa malori na abiria wa mabasi wanaokula mishikaki, wakabeba maboksi, wakatia kufuli, wakabandika karatasi nyekundu mlangoni. Walipiga picha. Picha ikaja kwetu, ikatumwa juu, kidole gumba kikarudi. Nilipoitazama kwenye simu yangu niliona nyuma ya mkaguzi amesimama mama mtu mzima, ameshika mikono nyuma, anasoma karatasi ya mlango wake mwenyewe kama mwanafunzi anayetafuta jina lake kwenye matokeo.

Siku ya tatu alikuja. Alivaa baibui na raba nyeupe, zile za wauguzi, maana kabla ya duka alikuwa muuguzi hadi alipostaafu. Mkononi alibeba kile kidumu cha kutunzia baridi wanachobebea chanjo. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyepima dawa yangu?"

"Ndiyo."

"Nzuri. Nimekuja kuona inavyopimwa."

Nilimpeleka kwa mkuu nikitegemea atamfukuza. Mkuu akafungua mikono. "Mwonyeshe! Sisi hatuna cha kuficha." Watu wasio na cha kuficha mara nyingi ni wale ambao hawajaangalia.

Ilikuwa alasiri. Beseni lilikuwa linachachatika na chupa sita ndani. Nilimvalisha koti jeupe, nikamweleza kila kitu kwa sauti ya mwalimu: unga, kimiminika, mawimbi, vipovu. Alisikiliza vizuri. Aliitikia kwa kichwa panapostahili. Beseni lilipojizima, akaniuliza kama anaweza kushika chupa moja.

"Shika tu, mama."

Akaingiza vidole, akavitoa mara moja, akavipuliza.

Tukatazamana.

Hakupandisha sauti. Hadi leo natamani angepiga kelele. Alikaa kwenye kiti, akafungua kile kidumu chake, akatoa chupa ya dawa ileile aliyobaki nayo nyumbani, toleo lilelile, imezungukwa na vipande vya barafu. "Hii," akasema, "mama akija kuinunua namwambia, ukishaichanganya weka kwenye friji. Akisema hana friji namwambia weka kwenye mtungi, kivulini, funga na kitambaa kibichi. Akiniudhi nakwenda naye mpaka nyumbani nikauone huo mtungi. Nimefanya hivyo miaka kumi. Na nyinyi hapa, wenye vyeti ukutani, mnaipika?"

"Mama..."

"Maji haya ya kunyonyolea kuku, mwanangu. Kuku ananyonyoka humu."

Nikachukua kipimajoto. Nilikuwa nacho, kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari hatua moja kutoka kwenye beseni, kizuri, kipya, hakijawahi kulowana. Nikakizamisha. Sitaitaja namba iliyotoka. Nitasema tu kwamba mama alikuwa amesema kweli kuhusu kuku.

Kile nilichokihisi kilikuwa kama pale unapomsengenya mtu kwa dakika tano kisha unageuka unamkuta nyuma yako, isipokuwa mimi nilikuwa nimemsengenya kwa muhuri wa serikali. Nilimwomba anisubiri. Nilitoka nikapanda bajaji hadi soko la samaki, nikanunua barafu, ile ya mapande wanayolazia samaki. Muuzaji aliniuliza nina nguru wangapi wa kuhifadhi. Nikasema sina nguru, nina dawa. Akaniongezea pande moja kwa huruma, nadhani alidhani nauguza.

Nilimwaga maji ya beseni yote, nikatia mapya, nikatumbukiza barafu. Maabara nzima ikanuka kama mnada wa samaki. Nikachukua chupa ya akiba ya Chalinze, ambayo ilikuwa haijaguswa, na ile aliyoileta mama, nikaziandaa zote mbili mbele yake. Kipimajoto safari hii nilikishika mkononi kama tasbihi. Halafu tukaketi kusubiri mashine kubwa, mimi na yeye. Aliniuliza kama nina watoto. Nikasema wawili. Akauliza kama wamewahi kupewa dawa ile. Nikasema mdogo, mwaka jana. Akauliza, "Alipona?" Nikasema alipona.

Chupa zote mbili zilipita. Hazikuchechemea. Zilipita kama mwanafunzi anayekaa mbele darasani.

Mkuu alipoona karatasi mpya alifunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama mwenyewe anajua. Amekaa hapo nje. Yeye ndiye aliyegundua."

Alizungusha kalamu. Kisha akasema tunaweza kuandika kwamba umeme ulikuwa unapandapanda. Nikamwambia umeme haukuwa na kosa, na kwamba kwa namna umeme wetu ulivyo, siku ambayo haukuwa na kosa ilifaa itunzwe kwenye kumbukumbu. Akasema huu si wakati wa utani. Nikamwambia sitanii, na kwamba kama barua itataja umeme nitaandika yangu, ya mkono, niipeleke mwenyewe.

Sikuwa jasiri. Ila nilikuwa nimemwacha mama yule nje ya mlango, na mlango wa mkuu ulikuwa wa mbao nyembamba.

Mwishowe tulikubaliana. Alikubali kosa liwe la maabara, nami nikakubali aandike yeye, kwa kuwa ana kipaji. Barua ilisema kwamba "kutokana na changamoto za kiufundi zilizojitokeza katika hatua za awali za uandaaji wa sampuli, matokeo ya kwanza yametenguliwa". Neno "samahani" lilikuwa limo kwenye rasimu, likapotea wakati wa kuchapa. Zile dawa nyingine zilizopita kwa kuchechemea nazo tukazipima upya, zote nzima. Ubao ukashushwa ukutani. Mkuu alisema msumari umelegea.

Barua ilihitaji saini tatu, na saini hizo zilikuwa kwenye semina tofauti. Duka likakaa limefungwa siku kumi na moja kwa jumla. Siku ya kumi na mbili nilipanda basi kwenda Chalinze na barua kwenye mkoba, pamoja na mkaguzi mwenye ufunguo wa kufuli. Hakuna aliyenituma. Mkuu alisema mkaguzi anatosha.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya duka lake, raba zake nyeupe zimefungwa kamba vizuri. Kando yake walikuwepo watu kama tisa hivi, wauza maji, akina mama lishe, na dereva wa lori aliyekuwa anataka dawa ya kichwa. Mkaguzi alifungua kufuli, akabandua karatasi nyekundu. Nusu yake iligoma kutoka. Nikampa mama barua kwa mikono miwili.

Hakuipokea.

"Isome," akasema.

"Mama?"

"Walipofunga walisoma kwa sauti. Watu walisikia. Na wewe soma."

Nikasoma. Nilianza na kumbukumbu namba, nikapita kwenye salamu, nikafika kwenye "changamoto za kiufundi zilizojitokeza", mama akainua mkono.

"Changamoto ndiyo nini?"

"Ni... matatizo, mama. Wakati wa kupima."

"Matatizo gani?"

"Maji yalikuwa ya moto."

"Yalijitokeza yenyewe?"

Muuza maji mmoja alikuwa ameshusha ndoo.

"Hapana," nikasema. "Niliyaacha yakapata moto. Niliambiwa niyabadilishe, sikuyabadilisha. Dawa ya mama ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeichemsha."

Dereva wa lori alinitazama juu hadi chini, mswaki wa mti mdomoni. "Kwa hiyo dada," akasema, "feki ulikuwa wewe?"

Walicheka wote, na mkaguzi akageukia barabarani mabega yanatikisika. Nikasema ndiyo, kwa siku ile, nilikuwa mimi. Nikamgeukia mama nikamwomba radhi, bila barua. Alinijibu, "Nimesikia." Hakusema amenisamehe, na sikuwa na haki ya kumdai neno hilo. Wapo wateja waliohamia duka la ng'ambo ya barabara siku zile kumi na moja na hawakurudi, aliniambia baadaye. Wengine walirudi lakini wakawa wanainusa dawa kabla ya kuondoka nayo.

Aliingia ndani, akafungua madirisha, akapangusa kaunta kwa kitambaa. Nilisimama mlangoni sijui niage au niondoke tu. Wakati huo mwanamke mmoja akaja kutoka upande wa stendi, mtoto mgongoni, akauliza kama kweli duka limefunguliwa, maana alisikia mama wa hapa anauza dawa za uongo.

Mama aliinua macho kutoka kwenye kaunta, akanitazama.

"Huyu hakuwepo," akasema. "Mwanangu, soma tena. Na hiyo changamoto iruke."